Waranti ni hasara ndogo: kuhusu kufungua Nintendo Switch

Kuna sentensi moja ambayo ukianza kusoma habari za kufungua mashine za gemu huwezi kuikwepa: "Ukiichokonoa tu, waranti imekufa." Mtengenezaji anaiandika kwa lugha ya kisheria ndani ya kijitabu. Fundi anakuambia huku bisibisi iko mkononi. Hata wanaoandika miongozo ya kudukua wanaiweka juu kabisa kwa herufi nzito, halafu wanaendelea na hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kana kwamba onyo likishatolewa hakuna la zaidi la kusema.

Mimi naona sentensi hiyo imetuharibia mjadala. Kuna mahali ni kweli, sikatai. Ila imefunika chini ya neno moja hatari ambazo hazina undugu wowote: haki ya kutengenezewa kifaa bure, ruhusa ya kuingia kwenye mtandao wa mtengenezaji, na uzima wa kifaa chenyewe. Msomaji anaogopa kupoteza ya kwanza, ambayo mara nyingi ina thamani ndogo kuliko zote, na hizo mbili zinamkuta hajajiandaa.

Nitatumia mfano mmoja, Nintendo Switch ile ya kwanza iliyoingia sokoni tarehe 3 Machi 2017. Nimeichagua kwa sababu tundu lake la usalama linajulikana hadi kwenye baiti zenyewe, na kwa sababu pande zote, mtengenezaji, watafiti na wafanyabiashara wa udukuzi, zimeacha maandishi ya kutosha kuzipima.

Mlango wa fundi

Ndani ya Switch kuna chipu ya Nvidia iitwayo Tegra X1, ndugu ya ile iliyomo kwenye kishikwambi cha Pixel C na kwenye Shield TV. Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, kinachoamka kwanza si mfumo wa Nintendo. Ni programu fupi iliyochongwa kiwandani ndani ya silikoni yenyewe, kwenye kumbukumbu isiyoandikika tena. Kazi yake ni kuitafuta programu ya hatua inayofuata, kuikagua sahihi ya kidijitali, na ikiridhika kuikabidhi usukani. Hatua hiyo nayo inakagua inayofuata, na kuendelea hivyo hadi unapoona menyu. Uaminifu wa mnyororo wote unaning'inia kwenye kile kipingili cha kwanza.

Sasa fikiria kipingili cha pili kimeharibika, labda sasisho lilikatika katikati. Kifaa kitawakaje? Nvidia waliliwazia hilo, wakaweka mlango wa nyuma kwa ajili ya mafundi: hali ya uokoaji. Chipu ikiingia kwenye hali hiyo inaacha kutafuta programu ndani na kusubiri kompyuta iilete moja kwa USB, mradi iwe na sahihi halali. Kwenye Switch unaingia kwa kushikilia kitufe cha kuongeza sauti, cha kuwasha, na cha nyumbani. Lakini kitufe hicho cha nyumbani si kile cha kwenye kidhibiti. Ni mguso uliofichwa ndani ya reli anayochomekwa Joy-Con wa kulia, na watu waligundua kwamba kibanio cha karatasi kilichonyooshwa kinatosha kuunganisha pini ya kumi na ardhi ya umeme. Kifaa cha mamia ya dola, ufunguo wake kipande cha waya.

Kufika mlangoni hata hivyo si kuingia, kwa sababu sahihi inatakiwa. Hapo ndipo kosa linapoingia. Kompyuta iliyounganishwa kwa USB inaruhusiwa kukiuliza kifaa swali la kawaida kabisa la itifaki: hali yako ikoje? Jibu la swali hilo lina ukubwa wa baiti 2. Ila ujumbe wa swali una nafasi ambamo muulizaji anataja ni baiti ngapi yuko tayari kupokea, na nafasi hiyo inachukua namba hadi 65,535. Programu ya Tegra ilipaswa kusema: umeomba nyingi, sawa, lakini nilizonazo ni 2. Badala yake iliichukua namba ya muulizaji kama ilivyo, ikanakili baiti kiasi hicho kwenda kwenye eneo ambalo halina nafasi hiyo. Ni muuza mchele anayemimina huku akimtazama mteja usoni, kibaba hakiangalii. Kikijaa, mchele unamwagikia kilicho jirani. Jirani hapa ni sehemu ya kumbukumbu ambamo prosesa hujiandikia "nikimaliza kazi hii nirudi wapi". Ukifanikiwa kuandika juu ya anwani hiyo, prosesa itarudi unakotaka wewe.

Na inarudi wapi? Kwenye programu yako, ambayo kumbe imeshaingia ndani. Utaratibu wa chipu ulikuwa kuupokea mzigo kwanza, kuuhifadhi kwenye kumbukumbu, kisha kuukagua. Mdukuzi anatuma mzigo, kabla ya ukaguzi anauliza lile swali la kawaida kwa namba ya uchokozi, na ukaguzi haufanyiki tena. Hakuna sahihi iliyoghushiwa wala fumbo la hisabati lililovunjwa.

Mtafiti Kate Temkin na wenzake wa kundi la ReSwitched walilitangaza tundu hili Aprili 2018 kwa jina la Fusée Gelée, baada ya kuwaarifu wahusika. Kundi la fail0verflow nalo lilikuwa limelifikia kwa njia yake, likachapisha siku hizo hizo. Kwenye orodha ya kimataifa ya udhaifu limesajiliwa kama CVE-2018-6242. Kufikia mwisho wa Machi 2018 Nintendo walikuwa wameshauza Switch milioni 17.79, na kwa kuwa kosa limechongwa kwenye silikoni, hakuna sasisho lingeweza kuziponya zilizokwisha toka kiwandani. Walichoweza ni kurekebisha zilizofuata.

Ninalolipenda katika kisa hiki ni kwamba tundu na mlango wa ukarabati ni kitu kimoja. Switch ya zamani ambayo programu zake zote zimevurugika bado inaweza kuamshwa kwa waya na kompyuta, kwa sababu kile kipingili cha kwanza hakifutiki. Watu wa usalama wanaiita mashine iliyovunjwa moja kwa moja. Ukimuuliza fundi, atakuambia ndiyo Switch rahisi kuliko zote kuifufua. Switch mpya zaidi, ambazo tundu limezibwa, mlango upo lakini funguo anazo mtengenezaji peke yake.

Nani amekibadilisha kifaa?

Turudi kwenye waranti. Nchini Marekani Nintendo huipa Switch dhamana ya miezi 12. Baada ya hapo, ukiwa hujagusa kitu au umekichimba hadi kwenye kiini, msimamo wako ni ule ule. Leo karibu kila Switch ya toleo lile la kwanza imeshauvuka muda huo kwa miaka mingi. Anayemtisha mwenye mashine ya 2017 kwamba "utapoteza waranti" anamtisha kwa deni lililokwisha lipwa.

Hata ndani ya ile miezi 12 tishio lenyewe linayumba. Marekani ina sheria iitwayo Magnuson-Moss, ya mwaka 1975, inayomkataza mtoa dhamana kuifunga dhamana yake na sharti la kutumia vipuri au huduma za jina lake tu, isipokuwa anavitoa bure au amepewa ruhusa maalumu. Tarehe 10 Aprili 2018 tume ya serikali ya biashara, FTC, ilitangaza kuwa imeziandikia kampuni sita kuzionya kuhusu lugha ya dhamana zao. Majina yalipotoka mwezi uliofuata, watengenezaji watatu wakubwa wa mashine za gemu walikuwamo wote: Nintendo, Sony na Microsoft. Ile stika ya "ukiibandua dhamana imefutika" ambayo wengi wetu tumeikuta kwenye vifaa na kuiheshimu kama amri, tume iliitaja waziwazi kama mfano wa lugha ya kupotosha. Kwa Nintendo kilicholalamikiwa ni kifungu kinachoiondoa dhamana pale kifaa kinapotumika na bidhaa zisizouzwa wala kuidhinishwa nao. Siku 13 baada ya tangazo hilo, Fusée Gelée ikawa hadharani. Mwezi ule ule, mifuniko miwili ikafunuka, wa sheria na wa silikoni.

Tusiuvute mkono wa sheria hiyo kuliko urefu wake, lakini. Iliandikwa enzi za magari na mashine za kufulia, ikawaza vipuri na huduma, haikuwaza mfumo endeshi. Na haimlazimishi mtengenezaji kulipia uharibifu ulioufanya wewe. Swali linalobaki ni la chanzo: kilichoharibika kimeharibiwa na nini? Hapo kuna tofauti kubwa ambayo miongozo mingi inaipitia juu juu. Kuifungua Switch ya 2017 hakuhitaji kulegeza skrubu hata moja. Waya unaingia, programu inapita kwa USB, na ukizima na kuwasha kawaida kumbukumbu ya muda imejifuta. Ukiniambia kitendo hicho ndicho kilichoua skrini, utaniwia radhi, lete ushahidi.

Kwa matoleo yaliyofuata, yenye chipu iliyoanza kutumika 2019 pamoja na Switch Lite, hali ni nyingine kabisa. Tundu halipo. Kinachofanyika ni kulehemu chipu ndogo ya nyongeza kwenye ubao, karibu kabisa na prosesa, ili iyumbishe umeme wake kwa kitambo kifupi mno wakati sahihi inakaguliwa. Ikipatia wakati, prosesa inalikosea jibu na kuruka ukaguzi. Vijenzi vya kulehemea hapo ni vidogo kuliko punje ya ufuta, na joto likizidi au bati likitapakaa ubao umekwenda. Mtengenezaji akikataa kuitengeneza bure mashine ya namna hiyo, mimi niko upande wake. Kuyaita matendo haya mawili kwa jina moja, "kufungua Switch", halafu kuyapa onyo moja, ni uzembe wa kuandika.

Kuna jambo lingine kuhusu neno "kubadilisha". Ndani ya Tegra kuna fyuzi ndogo za kielektroniki. Sasisho fulani za Nintendo zikiingia, mfumo unachoma fyuzi moja, na ikishaungua haiponi. Kila unapowasha, programu ya kuanzisha inahesabu zilizoungua. Ikikuta ni nyingi kuliko zinazotarajiwa na toleo lililomo, inagoma kuwaka. Lengo ni kukuzuia usirudi kwenye toleo la zamani lenye udhaifu unaojulikana. Kiusalama ni wazo la maana. Lakini litazame kwa jicho la dhamana: mtengenezaji, kupitia sasisho ulilobonyeza "kubali" usiku ukitaka kulala, amebadilisha umbile la chipu unayoimiliki, moja kwa moja, bila kulegeza skrubu. Hilo haliitwi kuchokonoa. Mwenye mali akipitisha kwa USB programu inayopotea akizima, ndiye anaitwa mchokonozi.

Na ukiangalia ni nini hasa kiliwatesa wenye Switch, dhamana inazidi kuonekana haina uzito. Ugonjwa maarufu kuliko wote wa mashine hii ni vijiti vya Joy-Con kujisukuma vyenyewe, mhusika anatembea na wewe hujagusa kitu. Haukuletwa na wadukuzi. Ni uchakavu wa ndani ya kijiti, kwenye vidhibiti vya watu waaminifu kabisa. Mwaka 2019, baada ya malalamiko kufika mahakamani, Nintendo ya Marekani ilianza kuvitengeneza bila malipo hata kwa waliopitisha muda, na mwaka 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu. Waliotengenezewa baada ya muda kwisha hawakuokolewa na kijitabu. Waliokolewa na kelele.

Cheti chenye jina lako

Sasa zile hatari mbili nyingine, ambazo naona ndizo zilipaswa kuandikwa kwa herufi nzito.

Kila Switch inatoka kiwandani na cheti chake cha kidijitali, kimoja tu duniani, kimehifadhiwa kwenye sehemu maalumu ya kumbukumbu ya ndani. Ukiingia kwenye duka la mtandaoni au kucheza na mtu aliye mbali, seva za Nintendo zinakitambua kifaa kwa cheti hicho. Kampuni ikijiridhisha kuwa kuna mchezo mchafu, inakifungia cheti. Kuanzia hapo mashine inawaka, gemu za kadi zinacheza, ila duka na uchezaji wa mtandaoni ni historia. Kuweka mfumo upya hakusaidii, na ukifungua akaunti nyingine ni bure, maana aliyefungiwa ni kifaa.

Hili halimo kwenye dhamana hata kidogo. Dhamana inahusu ubovu wa kifaa. Ruhusa ya mtandao inatawaliwa na masharti ya matumizi, hati tofauti kabisa, isiyo na miezi 12 wala kikomo kingine. Unaweza kufungiwa mwaka wa sita. Kwa hiyo yule anayejipa moyo kwamba "waranti yangu ilikwisha zamani, sina cha kupoteza" amefanya hesabu sahihi kwenye karatasi isiyohusika.

Hatari nyingine ni ya kumbukumbu yenyewe. Data za ndani zimesimbwa kwa funguo zinazotokana na siri za chipu ya kifaa hicho hicho. Ukiifuta ile sehemu yenye cheti na vipimo vya kiwandani bila kuwa na nakala, huwezi kuazima ya rafiki. Ya rafiki inasomeka kwa rafiki tu. Ndiyo maana waandishi wazuri wa miongozo wanasisitiza kunakili kumbukumbu nzima, gigabaiti 32 zote, kabla ya kitu kingine chochote, na kuiweka nakala nje ya kifaa. Ndiyo maana pia mfumo wa Atmosphère, ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, uliongezewa mwaka 2019 njia ya kuendesha mfumo uliobadilishwa ndani ya memori kadi huku wa asili ukibaki haujaguswa. Hiyo ni kinga ya kihandisi kweli. Ninawasifu kwa hilo, na ninasikitika kwamba kwenye miongozo mingi huonekana baada ya picha za mandhari na menyu za rangi.

Upande huo una ujanja wake nao. Ipo mbinu ya kuharibu kwa makusudi taarifa za kuanzishia ili kifaa kiingie hali ya uokoaji kila kinapowashwa, usihangaike na waya. Inauzwa kama urahisi. Wanachosema kwa sauti ya chini ni kwamba katika hali hiyo skrini ni nyeusi tii wakati kifaa kinaendelea kula betri, na bila kompyuta karibu huwezi kuiwasha. Mtu anaiweka mezani akidhani imezimwa.

Wauzaji wa uhuru

Wadukuzi hupenda kujieleza kwa lugha ya ukombozi: kifaa ni chako, kifungue. Kwa watafiti waliochapisha kazi yao bure lugha hiyo inakubalika. Kwa wengine tuikague. Kundi la Team Xecuter liliuza vifaa na programu ya kulipia, SX OS, ambayo kivutio chake kikubwa kilikuwa kuchezesha nakala za gemu zisizolipiwa. Wachambuzi walipoifungua programu hiyo mwaka 2018 walikuta ndani yake msimbo wa kujilinda: ikihisi kuna mtu anaichunguza, inaifunga kumbukumbu ya ndani ya Switch kwa nywila ya kubahatisha, na kifaa kinakufa. Yaani umekimbia kufuli la kampuni, ukalipia kufuli la genge. Mmoja wa wahusika, Gary Bowser, alihukumiwa na mahakama ya Marekani Februari 2022 kifungo cha miezi 40, na fidia ya mamilioni ya dola juu yake.

Ungedhani baada ya hapo kampuni yenyewe ingejitenga na silaha ya namna hiyo. Mei 2025, wiki chache kabla ya Switch 2 kutoka, Nintendo walibadilisha masharti ya akaunti zao. Toleo la Marekani sasa linasema kwamba ukikiuka vizuizi vya kubadilisha au kudukua, kampuni inaweza kukifanya kifaa kisitumike daima, chote au sehemu. Soma tena: kifaa, si akaunti. Kitu ulichokilipia, kilicho sebuleni kwako. Kwa maandishi hayo kampuni imejipa ruhusa ya kufanya kile ambacho SX OS ilikifanya kimyakimya.

Hoja ya Nintendo ninaijua, na ina uzito. Mtu anayedanganya kwenye uchezaji wa mtandaoni anaharibu jioni ya wengine kumi. Nakala za wizi zinakula mkate wa waliotengeneza gemu, wakiwemo watu wa studio ndogo ambazo hazina ghala la fedha. Seva ni zao, na mwenye nyumba ana haki ya kumtoa mgeni anayevunja vyombo. Kumtoa, ndiyo. Kumfuata kwake na kumvunjia sufuria ni jambo lingine. Kufungia cheti kunamaliza madhara kwa wachezaji wengine. Kukiua kifaa kizima hakuwaongezei wachezaji hao ulinzi wowote, kwa sababu mashine isiyofika kwenye seva haimsumbui mtu mtandaoni.

Na mashine za kugundua makosa hazimjui aliyekosa, zinakijua cheti tu. Mwezi ule ule wa Juni 2025 ambao Switch 2 ilitoka, watumiaji walianza kueleza kwamba vifaa vyao vimefungiwa baada ya kutumia MIG Switch, kadi inayobeba nakala za gemu. Wengine walisema wao walinunua tu kadi ya gemu iliyotumika, au mashine iliyotumika, na makosa yalikuwa ya mwenye mali wa kwanza. Kadi halisi ya gemu nayo ina utambulisho wake wa pekee. Aliyeikopi akabaki na nakala kisha akaiuza ya asili amekuachia mtego mkononi.

Kisheria, Marekani iko mahali pa ajabu. Sheria ya hakimiliki ya 1998 inakataza kuruka kufuli la kidijitali, na kila miaka mitatu hutolewa misamaha. Mwaka 2021 ulipatikana msamaha wa kutengeneza mashine za gemu, ila kwa kubadilisha au kurekebisha kisomeo cha diski peke yake, na kufuli lirudishwe ukimaliza. Switch haina kisomeo cha diski. Mwenye kifaa cha mkononi amepewa ruhusa ya kutengeneza kitu ambacho kifaa chake hakina.

Kwa sisi tunaonunua vifaa vilivyokwisha pita mikono miwili mitatu, mzozo wa waranti uko mbali sana. Mashine inafika mtaani bila risiti, bila kijitabu, pengine ilinunuliwa Ulaya au Marekani na mtu usiyemjua, na "waranti" unayoambiwa dukani ni neno la muuzaji mwenyewe, wiki mbili au mwezi. Cheti ndicho kinachosafiri na kifaa, pamoja na kila kilichofanywa nacho huko kilikotoka. Ukienda kununua Switch iliyotumika, usiishie kutazama skrini na kutikisa vijiti. Muombe muuzaji intaneti ya simu yake, ingia kwenye duka la Nintendo hapo hapo mezani, subiri lifunguke. Likigoma na muuzaji akaanza kulaumu mtandao wa eneo hilo, jaribu kwa laini nyingine kabla hujatoa pesa mfukoni. Kisha izime kabisa na uiwashe tena ukiwa bado umesimama pale: ikibaki nyeusi huku muuzaji akitafuta kompyuta na waya, ujue umepewa ile iliyoharibiwa makusudi taarifa za kuanzishia, na bei yake inapaswa kusema hivyo.